Mwongozo kamili: jinsi ya kumtambua nondo wa mchicha kwa alama za mabawa yake

Swali huwa ni lile lile, "Huyu ni nondo gani?", na picha nayo huwa ni ile ile. Mdudu wa kahawia ukutani, kapigwa kwa pembeni, mistari yake myeupe imemwagika kama maziwa mpaka haina kingo, na hakuna chochote cha kuonyesha kama ana ukubwa wa ukucha au wa kiganja. Mwenye picha akiambiwa haitoshi, anarudi usiku wa pili na kupiga nyingine ya namna ile ile.

Mwongozo huu unamhusu nondo mmoja tu: Spoladea recurvalis, nondo mdogo wa kahawia mwenye mikanda myeupe, anayepatikana karibu kote katika nchi za joto. Viwavi wake hula mchicha na jamaa zake, kwa hiyo hapa nitamwita nondo wa mchicha. (Na nikisema nondo, nasema huyu mwenye mabawa. Ile ya zege haijapata kumtatiza mtu.)

Nimemchagua kwa sababu anaonekana rahisi. Mkanda mweupe juu ya bawa la kahawia, nani atakosea? Wengi wanakosea, kwa kuwa wanaanza na rangi. Wapo nondo wengine wa ukubwa wake wenye kahawia na nyeupe. Kinachowatenganisha ni mahali mkanda unapoanzia, unapoishia, na upana wake. Rangi hupauka kadiri siku zinavyopita, bali mahali pa alama hapahami.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kabla hujamtafuta mdudu. Ukishamshika ndipo uanze kuhangaika na rula, atakuwa ameshajipiga kopo zima na kuacha nusu ya alama zake kwenye plastiki.

- Simu yenye kamera. Ukiwa na ile lenzi ndogo ya kukuzia inayobanwa juu ya kamera, vizuri zaidi, lakini si lazima.
- Kopo la plastiki angavu, pana, lenye kitako bapa kisicho na maandishi. Utapiga picha kupitia hicho kitako.
- Kipande cha karatasi ya grafu yenye milimita, au rula nyembamba.
- Karatasi ya kijivu isiyong'aa. Usiweke nyeupe wala nyeusi, sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Karatasi nyembamba nyeupe ya kupunguzia ukali wa mwanga, kama ile ya kufungia zawadi.
- Shuka jeupe na taa nyeupe, kama utamtafuta usiku.
- Brashi laini ya kuchorea.
- Friji ya kawaida.
- Daftari na penseli.

Pini, sumu na chupa ya kuulia wadudu huvihitaji. Mdudu huyu atarudi alikotoka akiwa mzima.

## Majina sita ya bawa

Bila majina haya hatutaelewana huko mbele. Nondo ana mabawa manne: mawili ya mbele na mawili ya nyuma. Mtazame kwa juu, kichwa kikielekea mbali nawe.

Shina ni pale bawa linapoungana na kifua. Ncha ni kona ya mbali kabisa ya bawa la mbele. Ukingo wa mbele ni ule wa upande wa kichwa, kutoka shina hadi ncha. Ukingo wa nje unateremka kutoka kwenye ncha. Ukingo wa nyuma ni ule unaotazama tumbo. Kwenye ukingo wa nje kuna nywelenywele fupi zilizopangana. Hizo nitaziita matamvua.

Chora pembetatu kwenye daftari uandike majina haya kwenye pande zake. Ndiyo ramani yako kuanzia sasa.

## Hatua ya 1: Mpate bila kumgusa

Alama zote unazoziona kwenye bawa la nondo zimechorwa kwa magamba madogo sana, yamepangana kama vigae vya paa. Ule unga unaobaki kwenye vidole ukimshika nondo ndiyo magamba yenyewe. Yakishatoka hayaoti tena, kwa hiyo kila mguso ni kifutio.

Huyu ana faida moja: ingawa huja kwenye taa usiku, mchana nao huruka. Ukipita kwenye mchicha au magugu ya jamii yake utamwona akiinuka, anaruka hatua chache, kisha anatua tena, mara nyingi chini ya jani. Mfuate polepole mpaka atulie. Mfunike kwa kopo kutoka juu, kisha sukuma kifuniko au karatasi ngumu taratibu kwa chini. Akiwa chini ya jani, kopo lije kwa chini na jani lenyewe liwe kifuniko.

Usiku, tandaza shuka mbele ya taa nyeupe na usubiri. Taa ya manjano huvuta wadudu wachache, na usiku wa mbalamwezi kali usitegemee mengi. Mwache atue kwenye shuka kwanza. Kumkimbiza akiwa hewani ni kumharibu.

Tahadhari: usimkamate kwa vidole hata kama ametulia kabisa, na usiweke nondo wawili kwenye kopo moja. Watapigana mabawa, na utakachopiga picha ni mabaki.

Umefaulu ikiwa yumo ndani, ametulia, na plastiki haina unga wa kahawia.

## Hatua ya 2: Mpoze

Weka kopo kwenye sehemu ya kawaida ya friji kwa dakika 10 hadi 20, pamoja na kipande cha tishu kikavu ndani. Mdudu hana joto lake la kudumu kama sisi. Kukiwa na baridi misuli inalegea na anakaa kimya.

Usimweke kwenye sehemu ya kugandishia. Najua dakika mbili za barafu zinaonekana njia ya mkato, ila barafu inaweza kumuua, na mdudu aliyekufa hukunja mabawa vibaya ukakosa ule mkao wa asili utakaohitaji kwenye hatua ya 5. Ile tishu nayo haikuwekwa bure. Kopo likitoka kwenye baridi hutoa jasho, na tone moja la maji likilaza magamba, mkanda mweupe hugeuka kijivu.

Ukimtoa, una dakika chache tu. Akianza kusogeza vipapasio, jua muda unaisha. Mrudishe kwenye friji badala ya kugombana naye.

## Hatua ya 3: Panga mwanga, hapa ndipo picha nyingi hufia

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu wengi wanaoshindwa wanashindwa hapa, kisha wanailaumu simu.

Kamera ya simu hutafuta wastani wa mwanga. Ukimweka nondo mweusimweusi juu ya kitu cheusi, simu inaona giza na kuangaza picha nzima. Kahawia inapendeza, lakini mkanda mweupe unaungua, unakuwa doa la mwanga lisilo na kingo. Ukimweka juu ya karatasi nyeupe kinatokea kinyume chake: simu inapunguza mwanga, na mdudu anabaki kivuli. Karatasi ya kijivu inakaa katikati, simu inatulia.

Hata hivyo kijivu peke yake hakitoshi. Gusa skrini pale alipo nondo, kisha punguza mwangaza kwa kidole mpaka uone kingo za mkanda mweupe. Picha itaonekana ya giza kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sehemu yenye giza unaweza kuiangaza baadaye na maelezo yakatokea. Sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake, hata uihariri usiku kucha.

Zima flashi. Magamba hung'aa, na mwanga mkali unaotoka karibu na lenzi hupiga juu yake na kurudi ukiwa vidoa vyeupe. Nimeona mtu akihesabu vidoa sita kwenye bawa lenye viwili. Tumia mwanga wa dirishani, au taa ya mezani iliyofunikwa kwa ile karatasi nyembamba, ije kwa pembeni.

Ukiwa na shaka kama doa fulani ni alama au ni mng'ao, fanya jaribio dogo: piga picha moja mwanga ukitoka kushoto, nyingine ukitoka kulia. Mng'ao utahama. Alama itabaki palepale.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka kidole kwenye skrini na kufuata ukingo wa mkanda mweupe tangu mwanzo hadi mwisho bila kuupoteza.

## Hatua ya 4: Piga picha tatu, si thelathini

Picha ya kwanza ni ya juu kabisa. Simu ilale sambamba na mabawa, kama karatasi mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine. Ukiinamisha simu hata kidogo, bawa la upande mmoja litaonekana fupi, na mikanda itaonekana imepinda mahali ambapo haijapinda. Weka kipande cha grafu kando ya mdudu, kwa usawa uleule wa mabawa. Rula iliyo chini sana ya mdudu hudanganya, kwa sababu kilicho mbali na lenzi huonekana kidogo.

Picha ya pili ni ya chini, kupitia kitako cha kopo. Wengi huiruka, na wanapoteza kitu. Kwa juu, bawa la mbele linafunika sehemu ya bawa la nyuma. Kwa chini mambo yanageuka: bawa la nyuma ndilo linakuwa mbele ya macho yako. Alama ya bawa la nyuma iliyojificha utaipata huku bila kumfunua mdudu kwa kijiti.

Ya tatu ni ya pembeni, kuonyesha kichwa, miguu na namna alivyobeba mabawa.

Usitumie kukuza kwa skrini. Hakuongezi maelezo yoyote. Kunanyoosha tu yale machache yaliyopo. Kama huna lenzi ya ziada, rudi nyuma mpaka fokasi ishike, halafu ukate picha baadaye. Na uzime vichujio vyote vya kurembesha. Simu inayolainisha ngozi ya bibi harusi italainisha na magamba.

## Hatua ya 5: Tazama umbo kabla ya alama

Hapa unajizuia. Mikanda inakuita, lakini usiitazame bado. Jibu kwanza maswali matatu.

Ana ukubwa gani? Mabawa yakiwa yamenyooshwa, nondo wa mchicha ana upana wa milimita 22 hadi 24 hivi kutoka ncha hadi ncha. Mdudu aliyetulia hanyooshi mabawa kama yule wa kwenye vitabu, kwa hiyo pima urefu wa bawa moja la mbele, kutoka shina hadi ncha: litakuwa karibu na milimita 10. Ukipata 17 au 18, acha, huyo si yeye, hata awe na mikanda kumi.

Amekaa vipi? Nondo wa mchicha hukaa na mabawa bapa, yamefunguka kiasi, akionekana kwa juu kama pembetatu pana. Hafungi mabawa kama paa la nyumba juu ya mgongo. Nondo wa kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, hukaa kama paa, na ni mkubwa zaidi, milimita 32 hadi 40. Nondo wa kabichi, Plutella xylostella, ni mdogo kuliko wetu na akifunga mabawa hupata safu ya almasi hafifu mgongoni. Hao wawili wametoka bila hata kutazama mkanda.

Mwili ukoje? Mwembamba, miguu mirefu na myembamba, vipapasio kama uzi, havina manyoya wala kirungu mwishoni. Vipapasio vyenye kirungu mwishoni ni dalili ya kipepeo. Wetu ni wa familia ya Crambidae, na wengi katika familia hii wana huo wembamba wa miguu unaowafanya waonekane kama wamesimama juu ya magongo.

Majibu yote matatu yakikubali, endelea. Moja likikataa, usijaribu kulilazimisha kwa sababu tu mkanda umekupendeza.

## Hatua ya 6: Soma mikanda kutoka shina kwenda nje

Soma bawa kama unavyosoma mstari wa maandishi: anza kwenye shina, maliza kwenye matamvua. Wanaorukia alama inayong'aa zaidi ndio wanaosahau ile ndogo inayoamua kesi.

Rangi ya chini. Kahawia iliyoiva, akiwa mpya karibu na nyeusi, akichakaa inakuwa rangi ya chai. Iandike kisha usiitegemee.

Mkanda wa kwanza, katikati ya bawa la mbele. Mweupe, unakatiza bawa. Kwa kawaida ni mpana zaidi kwenye ukingo wa nyuma, na hupungua kadiri unavyopanda kuelekea ukingo wa mbele. Fuata kwa kidole na uandike unaishia wapi.

Mkanda wa pili, karibu na ncha. Huu ndio unaosahauliwa. Ni mfupi. Unaanzia kwenye ukingo wa mbele, unashuka kidogo, kisha unakatika; haufiki ukingo wa nyuma. Karibu na mwisho wake tafuta vidoa vidogo vyeupe. Mtu akikuletea maelezo ya "mkanda mmoja mweupe" kwenye bawa la mbele, ama hajautazama huu ama anazungumzia mdudu mwingine.

Mkanda wa bawa la nyuma. Mmoja, mpana, mweupe, unakatiza bawa la kahawia. Mdudu akitulia, mkanda huu unakutana na ule wa kwanza wa bawa la mbele, na viwili hivyo vinaonekana kama utepe mmoja unaopita mabawa yote. Kukutana huko ni dalili nzuri sana, ingawa hutegemea amekaaje: akisogeza bawa la mbele kidogo, utepe unavunjika. Ndiyo maana unatazama picha ya chini pia.

Matamvua. Kuza picha kwenye ukingo wa nje. Utaona sehemu za kahawia zikipokezana na nyeupe. Kwa mdudu aliyezeeka matamvua huwa ya kwanza kukatika, kwa hiyo yakikosekana usihukumu kwa hilo.

Umefaulu ikiwa unaweza kumchora mdudu wako bila kutazama picha: mkanda mrefu, mkanda mfupi, vidoa, mkanda wa nyuma. Mchoro hauhitaji kupendeza. Mimi nachora vibaya sana, na bado mkono hunikumbusha kile jicho liliruka.

## Hatua ya 7: Linganisha kushoto na kulia

Hatua hii ni ya dakika moja, na ndiyo imeniokoa mara nyingi kuliko zote.

Nondo aliyeishi siku kadhaa amepita kwenye majani, ameponea mdomo wa ndege, amejigonga kwenye taa. Magamba yametoka hapa na pale, na palipotoka gamba panabaki utando mtupu unaopitisha mwanga. Juu ya karatasi ya kijivu, utando huo huonekana kama doa jeupe au la kijivu. Mtu akiliona, anadhani amepata spishi mpya.

Weka bawa la kushoto na la kulia kwenye macho yako kwa pamoja. Alama ya kweli ipo pande zote mbili, mahali pamoja, kwa umbo moja, kama sura yako na kioo. Jeraha lipo upande mmoja. Ndege hang'ati kwa vipimo.

Kuna mtego mmoja. Ndege akimnyakua nondo aliyefunga mabawa, anaweza kukata kipande kilekile kushoto na kulia. Hapo tazama ukingo: kilichokatwa kina ukingo wa kuchanika, hakina matamvua, na mishipa ya bawa inaishia ghafla.

Kama upande mmoja umeharibika vibaya, soma ule mzuri peke yake na uandike hivyo. Kama pande zote mbili zimefutika katikati, mwachie huyu na umtafute mwingine. Hakuna hila ya kusoma ukurasa uliokwisha kufutwa.

## Hatua ya 8: Waondoe wanaofanana naye

Sasa geuza kazi. Badala ya kutafuta sababu za kusema ndiye, tafuta sababu za kusema siye.

Hymenia perspectalis. Huyu ndiye mgumu. Ni wa familia moja, ana ukubwa wa karibu, kahawia ileile, na viwavi wake nao hula mchicha. Kwa hiyo "nilimkuta kwenye mchicha" haikusaidii kitu hapa. Tofauti iko kwenye upana: mikanda yake ni myembamba zaidi. Usikadirie kwa macho. Kwenye picha ya juu, pima upana wa mkanda wa katikati pale ulipo mpana zaidi, kisha pima urefu wa bawa lile lile, ujue mkanda unaingia mara ngapi. Fanya hivyo hivyo kwa picha ya mdudu uliyekwisha kuhakikishiwa na mtaalamu. Uwiano huo haubadiliki hata picha ikikuzwa au kupunguzwa, na hapa ndipo utajua kwa nini nilikusumbua na kingo zisizoungua kwenye hatua ya 3. Mkanda ulioungua hupanuka, na Hymenia anageuka Spoladea mbele ya macho yako.

Maruca vitrata. Viwavi wake hutoboa maganda ya kunde na maharagwe. Bawa la mbele ni la kahawia lenye madirisha yanayopitisha mwanga, na bawa la nyuma karibu lote ni jeupe linaloona ng'ambo, likiwa na kahawia upande wa ukingo wa nje. Tazama bawa la nyuma tu: kwa wetu ni kahawia lenye mkanda mweupe, kwa huyu ni weupe wenye kahawia pembeni.

Diaphania indica. Huyu ni wa matango na jamaa zake, na huwa mkubwa kidogo. Sehemu kubwa ya mabawa ni nyeupe, kisha kahawia inazunguka kwenye ukingo wa mbele na wa nje kama fremu ya picha. Mwisho wa tumbo ana kishungi cha nywele, kama brashi. Wetu hana brashi hiyo.

Mmea uliomkutia mdudu ni shahidi, lakini shahidi wa pembeni. Majani ya mchicha yaliyounganishwa kwa utando, yaliyoliwa mpaka zikabaki mishipa na ngozi nyembamba, yenye viwavi vya kijani ndani, yanaongeza uzito. Lakini nondo mzima husafiri. Huyu anajulikana kwa kuhama mbali sana, na amewahi kufika hata Uingereza ambako hakuna joto lake. Kumkuta mbali na mchicha hakumtoi kwenye orodha, na kumkuta juu ya mchicha hakumwingizi.

Na programu za kutambua wadudu kwa picha? Zitumie, ila mwisho. Andika jibu lako kwanza kwenye daftari, halafu ifungue. Ukianza na programu, macho yako yataona kile ilichokuambia. iNaturalist, kwa mfano, hupendekeza jina haraka, lakini pendekezo hilo si uthibitisho. Rekodi hupanda daraja pale zaidi ya theluthi mbili ya watu walioitambua wanapokubaliana, na watu hao watataka zile picha zako tatu.

Ikiwa bado umekwama kati ya wawili, andika "Crambidae" uishie hapo. Si aibu. Wapo nondo wasiotenganishwa kwa alama za mabawa kabisa. Wataalamu huwatazama viungo vya uzazi kwa hadubini au kupima vinasaba vyao. Jina la familia lililo sahihi linamfaa mtu kuliko jina la spishi la kubahatisha.

## Hatua ya 9: Andika, kisha mwachie

Andika siku ileile, kabla hujala. Tarehe, saa, mahali, alikuwa juu ya nini, alikuja kwenye taa au aliinuka mchana, urefu wa bawa, hali ya mabawa, na jina ulilompa. Mbele ya jina andika sababu kwa maneno ya hatua ya 6, siyo "anafanana na picha". Mfano:

"Bawa la mbele mm 10. Mabawa bapa. Mkanda wa katikati mpana, umefika ukingo wa nyuma. Mkanda mfupi karibu na ncha. Vidoa viwili vidogo. Bawa la nyuma kahawia, mkanda mmoja mpana. Kulia na kushoto sawa. Matamvua yamekatika kushoto. Spoladea recurvalis."

Maelezo kama hayo mtu mwingine anaweza kuyakagua hata picha zikipotea. Na wewe mwenyewe ukigundua mwakani kwamba ulikosea, utajua ulikosea wapi.

Kumwachia, usimtupe hewani. Angali ana baridi, ataanguka chini na chungu watamfikia kabla hajapata joto. Fungua kopo kivulini, chini ya majani, ulilaze kwa ubavu, na umsogeze kwa ncha ya brashi kama hataki kutoka. Akikataa kabisa, acha kopo wazi hapohapo uende zako; ukirudi utalikuta tupu.